Sikio Langu na Gitaa la Wakfu

Niliwahi kusimama mbele ya kanisa zima, nimevaa sare ya kwaya ya zambarau iliyonibana kwapani, nikamshukuru Mungu kwa kuniponya ugonjwa wa sikio ambao sikuwahi kuugua. Jambo hili nimelikana kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya rafiki zangu wakisoma hapa watadhani nimeishiwa cha kuandika, nimeanza kujisingizia. Nilimkatalia mume wangu, aliyelisikia kwa wifi yangu. Niliwakatalia wanangu. Mara moja, kwenye kikao cha watu wanaojiita waandishi, mama mmoja wa Tegeta alinikumbusha kwa nia njema kabisa, na nikamwambia amenifananisha. Hakunifananisha. Nilikuwa mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, niliyekwisha kusoma vitabu vya kutosha kumdharau karibu kila mtu, na nilisema "Bwana asifiwe" mara tatu kabla ya kuanza kudanganya.

Kilichonifungua mdomo ni msiba. Juzijuzi tulimzika Mwalimu Elirehema, aliyeifundisha kwaya yetu ya Boko tangu siku ambazo Boko ilikuwa vichaka na mashimo ya kokoto, kabla haijawa mageti na kuta zenye vipande vya chupa juu. Wanakwaya wa zamani tuliitwa tumwimbie. Tulikuja na vitambi vyetu, vipara vyetu na miwani ya kusomea, tukasimama pembeni ya jeneza tukijifanya tunakumbuka maneno. Na pale, kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa cheupe, kama ndugu wa marehemu aliyekuja kutoka mbali, likawekwa gitaa. Gitaa lilelile jekundu. Bwana mmoja nisiyemfahamu akalichukua, akaliunganisha kwenye spika, akapiga, na meno yangu yote yakakumbuka. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, sauti ya kwanza ikapanda juu kidogo kuliko inavyotakiwa, kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole kukwepa tope. Na mimi, bila kuombwa na mtu, nikapanda nayo. Nililia sana. Watu walinishika mabega wakidhani namlilia marehemu.

Mwaka ule tulifanyia mazoezi kwenye chumba kilichokuwa kinangoja kuwa ofisi ya mchungaji. Kilikuwa hakijapigwa plasta wala kuwekwa dari, na mvua ikinyesha tuliacha kuimba kwa sababu bati liliimba kutuzidi. Vumbi la malori ya kokoto liliingia madirishani likatua juu ya kila kitu, pamoja na maandazi ya Mama Glory. Mama Glory alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza, mpishi wetu, na kwa siku za kazi fundi cherehani, na kazi zote tatu alizifanya kwa kuamini kwamba palipopelea pataongezwa kitu. Kwenye maandazi aliongeza mafuta, kwenye magauni aliongeza marinda, kwenye nyimbo aliongeza kelele. Baada ya mazoezi tulikaa kwenye mabenchi tukanywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, na ukuta wa upande wa jiko ulikuwa na matofali ya matundu, yale ya kupitishia hewa, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni kilitufikia kikiwa bado cha moto. Elimu yangu yote kuhusu kwaya ile niliipata kupitia matundu hayo.

Nilipiga gitaa la solo. Mwanamke kupiga solo lilikuwa jambo la kuonyeshea wageni, na Mwalimu Elirehema alipenda wageni. Sikuwa mpigaji wa kutisha. Vidole vyangu vilikuwa vizito na mitindo yangu michache, na hilo nililijua. Nilichokuwa nacho ni sikio. Uzi ulioshuka kidogo niliusikia kabla mwenyewe hajamaliza kuupiga. Mitihani niliifaulu kwa kukariri, imani niliirithi, hata dharau yangu niliazima kwa wahadhiri. Lakini sikio lilikuwa langu, sikufundishwa na mtu. Mwisho wa mwaka kwaya ilikuwa irekodi kwa mara ya kwanza, na nilitaka dunia, au walau mkoa wa Dar es Salaam, usikie kwamba lipo.

Kwa ajili ya kurekodi ikaamuliwa tununue gitaa jipya. Aliyeamua ni Mzee Ngowi, mwenyekiti wa kamati ya vyombo, karani mstaafu aliyeamini kwamba kitu kilichomo ndani ya boksi ni bora kuliko kilichotolewa nje, na kwamba plastiki ya kiti kipya haitakiwi kubanduliwa maishani. Tulikwenda naye Kariakoo, mimi nikiwa mbeba mwavuli, mpaka kwa Mzee Murtaza, Mhindi wa Kishia aliyeuza vyombo vya muziki upande mmoja wa duka na cherehani upande mwingine, kama alivyofanya baba yake. Alikuwa mtu mpole mwenye ndevu zilizokatwa vizuri. Akafungua boksi, akatoa gitaa jekundu linalong'aa kama pipi, akalichomeka kwenye spika ili tusikie. Kidole chake kilikuwa bado hakijagusa uzi Mzee Ngowi alipoinua mikono yote miwili.

"Hapana, hapana, mzee mwenzangu! Hicho ni chombo cha Bwana. Kitapigwaje rumba kabla ya kupigwa sifa?"

"Basi pigeni sifa nyie hapahapa," akasema Mzee Murtaza. "Mie nasikiliza, sina neno."

"Mpaka kiombewe kwanza."

"Mzee, nijaribu kidogo tu," nikasema. "Nibonyeze mara moja nisikie—"

"Binti, una haraka gani? Hata bi harusi hafunuliwi dukani."

Nikacheka. Naandika hivyo ili nisije kujipaka ubora ambao sikuwa nao: nilicheka, kwa sababu lilikuwa neno zuri, na kwa sababu mtu aliyesoma hajui la kufanya mbele ya mjinga mwenye misemo. Gitaa likarudi ndani ya boksi bila kupigwa, likapelekwa Boko, likakaa uvunguni mwa kitanda cha mchungaji mpaka Jumapili ya kuwekwa wakfu. Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote. Spika, vinanda, hata jiko la gesi la kina mama: kitu kipya hakikuguswa mpaka kiwekewe mikono, kipakwe mafuta na kutolewa kwa Mungu. Tulimpa Mungu vitu ambavyo sisi wenyewe tulikuwa hatujavijaribu, na tuliona ni heshima.

Siku hiyo mchungaji aliomba kwa kirefu, mafuta yakadondokea kwenye swichi, na ndipo nikakabidhiwa. Nyuzi zikiwa wazi, bila kubanwa, lilisikika safi. Nilifurahi. Kisha nikapandisha mkono shingoni kuelekea kifuani mwa gitaa, kule solo zinakokaa, na sauti ikatoka kali, imepanda, kama ndimu iliyokamuliwa kwenye chai ya maziwa. Nikaangalia vidole vyangu. Nikabana tena. Ndimu tena. Kanisa likapiga vigelegele.

Wiki ile nililichunguza. Gitaa si kitu cha siri kubwa. Katikati kabisa ya urefu wa uzi kuna mahali ambapo ukibana, unapata sauti ileile ya uzi mtupu, ila ya juu. Mahali hapo pakiwa si katikati, gitaa zima linasema uongo, na kadiri unavyopanda ndivyo uongo unavyokua. Nikamwomba Mama Glory futi yake ya kushonea, nikapima kutoka kichwani hadi mahali hapo, kisha kutoka hapo hadi kwenye kile chuma kinachoshika nyuzi tumboni. Upande wa pili ulikuwa mfupi kwa unene wa penseli. Chuma kilikuwa kimefungwa kiwandani mahali pasipo pake. Visikrubu vyake nikavirudisha nyuma mpaka vikagoma, na bado. Nikampelekea Mwalimu habari hiyo nikiwa na furaha ya mtu aliyepata maksi zote.

"Subi, mwanangu," akasema Mwalimu Elirehema, akitafuna mhogo. "Hili gitaa limetoka kiwandani. Kiwandani kuna mashine. Wewe una nini?"

"Nina sikio, Mwalimu. Na nimepima kwa futi."

"Futi yenyewe hiyo?" akadakia Mama Glory. "Mie hiyo nazungushia viuno vya wamama wa Boko nzima. Imevutika zamani!"

Benchi zima likacheka mpaka chai ikamwagika. Mwalimu hakucheka. Alikuwa mtu mwema, nalisema hili kwa kinyongo, na wema wake ulikuwa wa aina mbaya kuliko zote: hakutaka mtu yeyote aumie, kwa hiyo siku zote alimwacha aumie yule mwenye kelele kidogo. Akaniambia nivumilie, chombo kipya kinahitaji kuzoeana na mkono. Jioni zilizofuata, kupitia matundu ya ukuta, nilisikia mengine. Kwamba kidole cha kike kinapinda uzi. Kwamba tangu niende chuo naona kasoro kila mahali, hata kwenye ibada. Kwamba shangazi yake mtu mmoja huko Chanika alianza hivihivi, akisikia vitu ambavyo wenzake hawasikii, na leo hii anaokota makopo. "Tatizo la yule si gitaa," alisema Mzee Ngowi, aliyekuwa amepita kuonja mihogo. "Yule ni sikio. Sikio lina shida."

Nikaamua kulirudisha mwenyewe. Mwalimu akaniruhusu kwa sharti kwamba nisimwambie mtu kuwa ameniruhusu. Mzee Murtaza alilichomeka, akapiga uzi mtupu, akabana katikati, na uso wake ukajikunja kama wangu. Sijui kama nitaweza kueleza nilivyompenda mzee yule kwa mkunjo ule wa uso.

"Ya Allah. Hii imezaliwa na ugonjwa," akasema. "Kiwanda wamekosea, dada yangu. Nakubadilishia. Mlilipiga wapi? Isiwe mmelimwagia bia huko, baadaye ikawa tabu kwa kampuni."

Swali jepesi. Mtu yeyote wa kawaida angejibu "kanisani" akanyamaza. Mimi nilitaka kumhakikishia, na watu waliosoma wakitaka kuhakikisha huongeza neno. "Bia? Kanisani tu, mzee," nikasema kwa kujivuna. "Tena limewekwa wakfu."

Mkono wake ukaondoka juu ya gitaa taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba alichokuwa anakishika si chake.

"Wakfu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ah, dada yangu. Ungeniambia mmelipiga baa ningelipokea. Wakfu mie sigusi. Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakinunuliwi, hakirithiwi. Babu yetu ametuachia nyumba ya wakfu, mpaka leo kubadili mlango wa choo tunafanya kikao. Wewe unataka niingize wakfu dukani, nipange na cherehani?"

Nikamtolea mhadhara. Nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya maana ya maneno, na nikamweleza kwamba neno moja laweza kuhamia dini mbili likabeba maana mbili, kwamba wakfu yetu sisi ni baraka tu, haina sheria za mali, na kwamba asili ya neno isichanganywe na matumizi yake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa kabisa," akasema. "Sasa niambie. Siku ile mbele ya Mungu, mlisema neno gani?"

"Wakfu."

"Basi."

Nilibaki nimesimama kati ya magitaa na cherehani na shahada yangu iliyofika nusu. Aliona haya kuniona vile. Akasema atamuuliza maulana wake, maana huenda kuna njia, na akataka namba ya simu. Sikuwa na simu, nikamwachia ya Mwalimu, nikabeba gitaa langu lisilouzika nikarudi nalo Boko.

Habari hiyo ilimpa Mzee Ngowi furaha ambayo sidhani kama aliwahi kuipata tena. "Mnaona!" aliwaambia watu mazoezini, akitembea mbele yetu kama wakili. "Hata Mwislamu ameiheshimu wakfu yetu, ameogopa kuigusa. Na huyu wa kwetu, wa chuo kikuu, anaipima kwa futi!" Hoja yake ilikuwa ya kipuuzi na haikuwa na tundu. Kama gitaa ni la Mungu, haliwezi kuwa bovu; kama si bovu, basi kibovu ni kingine; na kilichokuwa kimebaki kuweza kuwa kibovu ni mimi. Mwalimu akanivuta pembeni na kuninong'oneza kwa huruma yake ile. Kulikuwa na kaka wa Bunju anayeweza kupiga solo. Kamati ilitaka aitwe. Lakini kama ningekubali kuombewa sikio, mambo yangetulia na kiti changu kingebaki. "Maombi hayamdhuru mtu, Subi," akasema. "Ni mafuta kidogo tu."

Nikapiga magoti. Nilijiambia kwamba ule ni mkakati. Watu wasiosoma hudanganya. Sisi tuna mikakati. Mama Glory alinishika kichwa akanimiminia mafuta masikioni yote mawili, na kwa kuwa alikuwa Mama Glory, hakumimina kidogo. Siku kadhaa nilisikia dunia kama iko ndani ya mtungi. Jumamosi iliyofuata nikapiga gitaa, na kwa masikio yale yaliyozibwa, sikusikia ndimu. Kisha nikasikia jambo baya zaidi. Sauti ya kwanza ilikuwa imeanza kupanda kulifuata gitaa. Hakuna aliyewaambia. Waliishi nalo tu, wakalizoea, wakapanda kwa unene wa penseli, na sauti ya pili ikapanda kuwafuata, na sauti za wanaume zikapanda kwa kuburuzwa. Kwaya nzima ilikuwa imehamia kwenye kosa na kufungua mizigo. "Limetulia!" akapaza sauti Mzee Ngowi kutoka mlangoni. "Amepona!" Hivyo ndivyo nilivyojikuta Jumapili nimeshika kipaza sauti, nikieleza jinsi nilivyokuwa nasikia vibaya na sasa nasikia vizuri. Nililipamba. Nilitaja usiku wa machozi ambao haukuwepo. Amina ya Mzee Ngowi ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na nilipokaa, Mwalimu aliniminya bega, na nikaona aibu machoni mwake, na nikamdharau kwa kuwa na aibu yangu.

Simu ilipigwa Jumamosi ya mwisho kabla ya kurekodi, mchana, tukiwa tumejipanga. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuweka simu yake sauti ya nje, kwa sababu simu za mkononi zilikuwa bado ngeni na alipenda watu wote wajue kwamba yeye hupigiwa. Akaibonyeza, akaiinua kama mtu anayeonyesha samaki.

"Mwalimu? Murtaza hapa, duka la vyombo, Kariakoo. Poleni, nimechelewa. Sikiliza, magitaa yote ya mzigo ule yamekuja na kosa. Wateja wa Temeke wamerudisha, wa Kigamboni wamerudisha. Kiwanda wenyewe wamekubali, chuma kimekaa mbele. Yule binti wenu alikuwa sahihi toka siku ya kwanza. Sikio lake, mashallah, mwambie alitunze."

Chumba kizima kikanigeukia. Mama Glory alikuwa na andazi mdomoni na hakulitafuna.

"Na ile ishu ya wakfu nimemuuliza maulana. Anasema kitu chenye kilema, mtu akikitoa bila kujua, anaweza kutoa kizima badala yake. Hakuna dhambi. Lileteni, nawapa jipya, na safari hii mlipige hapahapa dukani."

Mwalimu aliniangalia. Mafuta yalikuwa yamekwisha kukauka masikioni mwangu na nilisikia kila kitu: kuku nje, lori barabarani, pumzi ya Mzee Ngowi. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu aseme maneno yale mbele ya watu wale. Sasa yalikuwa yamesemwa, na ili niyachukue ilinibidi nirudishe ushuhuda wangu, machozi yale ya usiku, na Amina zote. Nikaangalia sakafu. Mwalimu alisubiri kidogo, kisha, kwa wema wake, akaniokoa.

"Asante sana, mzee wangu," akasema kwenye simu. "Lakini letu limeshapona."



"Gitaa limepona?"

"Limepona, mzee."

"Haya. Alhamdulillah. Na yule binti?"

"Naye amepona."

Akakata simu, akaiweka mfukoni, akainua mkono.

"Sauti ya kwanza," akasema, "mfuateni Subi."